Benki imevuka Namanga, mwalimu bado yuko kwenye foleni

Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania alitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ukiisoma orodha ni kama unatembea sokoni Kariakoo, Dar es Salaam: uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, biashara ya jumla na rejareja, udalali wa nyumba. Kisha inatoka mjini na kugusa ununuzi wa mazao shambani, uongozaji watalii na uchimbaji mdogo wa madini. Atakayekaidi atalipa faini isiyopungua Sh10 milioni au atafungwa hadi miezi sita, na viza pamoja na kibali chake cha ukaazi vitafutwa. Raia atakayemfichia mgeni naye ana adhabu yake.

Wafanyabiashara wadogo wengi walishangilia, na siwalaumu. Mtu analipa pango la fremu, leseni, ushuru wa huduma na makadirio ya kodi ya TRA, halafu mlango wa pili anamwona mgeni aliyeingia nchini kwa jina la mwekezaji akiuza ndoo na sufuria kwa bei ambayo yeye hata kiwandani haipati. Hasira hiyo ina msingi. Anayelalamikiwa Kariakoo anajulikana: ni Mchina mwenye mtaji mrefu na mkono kiwandani Yiwu au Guangzhou. Lakini amri haikumlenga mwenye mtaji mrefu. Ilisema asiye raia, basi. Kwa maneno hayo imemkumba kinyozi wa Machakos aliyeko Arusha, dada wa Masaka anayesuka nywele Mwanza na Mrundi anayenunua maharage Kasulu. Wavu uliotupwa kwa ajili ya papa umebeba dagaa.

Nairobi ililalamika ndani ya siku chache, na kisheria ilikuwa na la kusema. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, ina ibara ya 10 kuhusu wafanyakazi wanaovuka mpaka kutafuta ajira, na ibara ya 13 kuhusu raia wa nchi mwanachama anayetaka kujiajiri au kufungua biashara katika nchi nyingine ya Jumuiya. Tanzania ilisaini. Haikulazimishwa na mtu, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe yako Arusha, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mpaka wa Namanga.

Miaka 15 baada ya itifaki hiyo, kilichovuka mpaka kwa raha zaidi kuliko vyote ni fedha. Benki za KCB na Equity za Kenya zina matawi Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Juba. Mwaka 2020 Equity ilinunua hisa nyingi za benki ya BCDC ya Kinshasa. Nasi Watanzania hatukulala: benki yetu ya CRDB ilifungua Bujumbura mwaka 2012 na Lubumbashi mwaka 2023, na unga wa Azam unasagwa na kuuzwa nje ya Tanzania miaka mingi sasa. Hakuna waziri aliyesimama kusema benki hizo zinawanyang'anya wenyeji riziki. Mtaji unapoingia unapokewa kwa utepe na mkasi.

Bidhaa zinafuata, ila kwa kuchechemea. Oktoba 2017 maofisa wetu waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 walioingia kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya nayo ikayafungia mlango mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, malori yakapanga foleni hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi Mei mwaka huo. Baada ya safari ile biashara ilifunguka kiasi kwamba mwaka 2021 Tanzania iliiuzia Kenya zaidi ya ilivyonunua kwake. Sisi tuliokuwa tukiambiwa kwamba Soko la Pamoja ni ujanja wa Wakenya wa kutujazia bidhaa zao, tulijikuta tunaongoza kwa mauzo. Jambo hilo halikutangazwa sana majukwaani.

Aliyebaki nyuma kabisa ni mtu na kazi yake.

Chukua mwalimu wa Hisabati kutoka Kisii aliyepata nafasi katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza mjini Moshi. Shule za aina hii zilipoanza kuota kama uyoga miaka ya 1990, zilitaka watu wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, wakati vyuo vyetu vilikuwa vikiandaa walimu wa shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Wakenya na Waganda wakaziba pengo, na wazazi wa Kitanzania wakalipa ada kwa furaha. Sasa tazama makaratasi ya mwalimu huyu. Vyeti vyake lazima vilinganishwe na vya hapa. Anahitaji leseni ya kufundisha. Shule inamwombea kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, na kikitoka, anakwenda Uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi daraja B. Ni ofisi mbili tofauti na ada mbili kwa mtu yuleyule mmoja. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia, kibali cha kazi ni cha miezi 24. Kinaweza kuongezwa, ila kwa ukomo, na mwajiri aonyeshe mpango wa namna Mtanzania atakavyoirithi nafasi hiyo.

Shule kubwa yenye mwanasheria inafuata hatua zote hizo. Shule ndogo, yenye madarasa saba na basi moja la njano, mara nyingi inatafuta njia fupi. Mwalimu anaingia kama mgeni wa matembezi, anapewa vipindi, na wakaguzi wakisikika mjini anaambiwa leo usije. Huyo halipiwi michango ya NSSF. Mshahara wake haumo kwenye vitabu vya TRA. Akipunjwa hana pa kwenda kulalamika, kwa sababu mlango wa ofisi ya kazi ndio huohuo utakaomrudisha Namanga. Kwa hiyo anakubali kulipwa chini ya Mtanzania mwenye cheti kama chake. Mwalimu wetu anapolalamika kwamba Wakenya wanaharibu soko la ajira anasema kweli, ila lililomfanya Mkenya awe rahisi kuajiriwa ni kibali ambacho hakupewa. Angekuwa nacho angedai mshahara wa kawaida, na hapo mwenye shule angelazimika kuchagua kwa kuangalia nani anafundisha vizuri.

Hoja hiyo ukiigeuza inatuuma wenyewe. Uganda ilitangaza mwaka 2022 kwamba Kiswahili kitakuwa lugha yake rasmi ya pili na somo la lazima shuleni. Rwanda na Sudan Kusini zinakitaka. Viongozi wetu hawachoki kusema Tanzania itapeleka walimu wa Kiswahili kila pembe. Vizuri. Je, mwalimu wa kutoka Lushoto akifika Mbarara naye aambiwe aonyeshe mpango wa namna Mganda atakavyoirithi kazi yake?

Itifaki yenyewe ina kasoro inayozungumzwa kidogo mno. Kila nchi iliambatanisha ratiba ya kazi itakazowafungulia majirani, na ratiba nyingi, ya Tanzania ikiwamo, zilijaa watu wenye vyeti: wahandisi, walimu, wataalamu wa aina hii na ile. Baadaye yakaja makubaliano ya kutambuana sifa kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Yote mema. Ila mhandisi hakuwahi kuwa ndiye mwenye shida ya kuvuka, kwani kampuni yake humkatia tiketi na kumlipia kibali. Watu wanaovuka kwa wingi ni vibarua wa kupalilia mashamba ya Kigoma wanaotoka Burundi, saidia fundi, wasusi, wapishi, yaya na wauza nguo. Hawa ratiba haikuwaona. Wanapita njia za panya, na tukichoka nao tunafanya operesheni, kama ile ya Kimbunga ya mwaka 2013 iliyowasomba maelfu ya Wanyarwanda, Warundi na Waganda kutoka Kagera, Kigoma na Geita, wengine wakiwa wameoa na kuzalia hukuhuku. Msimu wa kupalilia ukirudi, mikono ileile inatafutwa tena.

Na mikono ya kutoka mbali si ngeni katika ardhi hii. Mkonge wa Tanga na Morogoro, uliokuja kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ulikatwa na manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao maalumu ya kuwasaka vibarua, SILABU. Mkoloni hakuwahi kuona tatizo la mtu kuvuka mpaka, ilimradi anavuka kwenda shambani kwake na kwa masharti yake.

Sasa tuje kwenye hofu ya kumezwa na jirani mwenye mtaji. Wachumi wanaoandika juu ya biashara huria wana tabia ya kuizungumzia hofu ya Mtanzania kana kwamba ni ushamba. Si kweli, na anayekumbuka Jumuiya ya kwanza anajua. Baada ya uhuru viwanda vilizidi kujikusanya Nairobi, kwa sababu mtaji huenda penye barabara, umeme, benki na mitaji mingine. Mwaka 1964 viongozi walikutana Kampala wakakubaliana kugawana viwanda, lakini utekelezaji ukakwama. Mkataba wa 1967 ulikuja na kodi maalumu ya kulinda viwanda vya waliobaki nyuma, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Haikutosha. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, sisi tukafunga mpaka na Kenya hadi 1983, na kazi ya kugawana ndege, vichwa vya treni na madeni ikaisha kwa makubaliano ya mwaka 1984.

David Ricardo, yule Mwingereza ambaye kila mtetezi wa biashara huria humtaja, aliliona jambo hili mapema. Katika mfano wake wa mwaka 1817 wa mvinyo wa Ureno na nguo za Uingereza, nchi zote mbili zinanufaika kwa kubadilishana, lakini hesabu yake inasimama juu ya dhana kwamba mtaji na wafanyakazi hawahami. Vikihama kwa urahisi, alikiri, mvinyo na nguo vyote vingetengenezwa Ureno. Weka Nairobi mahali pa Ureno uone ni nini kilichomkosesha usingizi Waziri wa Fedha wa Tanzania mwaka 1967.

Ila soma sentensi ile ya Ricardo hadi mwisho. Alisema mtaji na wafanyakazi pamoja. Sisi tumeruhusu kimoja. Mtaji unakwenda unakotaka, bidhaa zinaufuata, na kijana wa Singida anayeona kazi zimehamia mji mwingine anaambiwa abaki alipo. Huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote kwa nchi yenye mtaji mdogo. Mwenye mtaji mdogo ana nguvu kazi, na hiyo ndiyo bidhaa yake kubwa. Ukikubali kufungua soko la kila kitu isipokuwa hicho, umefungua soko la mwenzako. Ndiyo maana nashangaa Tanzania, nchi yenye vijana wengi na lugha inayotakiwa na kanda nzima, kuwa ya kwanza kung'ang'ania komeo.

Kufukuza wageni kumejaribiwa, tena na nchi zinazofanana na zetu. Oktoba 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000 kutoka Uganda, na Jumuiya ikiwa bado hai. Ila ushahidi mzito uko Afrika Magharibi. Novemba 1969 Waziri Mkuu wa Ghana, Kofi Busia, alitoa amri kwamba mgeni asiye na kibali cha ukaazi awe ameondoka ndani ya wiki mbili. Wanaijeria, Watogo na watu wa Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, walifungasha. Madai yalikuwa haya tunayoyasikia leo: wageni wameshika maduka madogo, wageni wanachukua kazi. Mashamba ya kakao, zao lililokuwa likiilisha Ghana, yakakosa vibarua, kwa sababu vijana wa Ghana waliotetewa na amri hiyo hawakuwa na haja ya kwenda kupasua maganda ya kakao porini. Uchumi haukuinuka. Januari 1972 jeshi lilimpindua Busia, kwa sababu nyingine nyingi pia, na miaka iliyofuata Waghana wenyewe ndio walioshika njia kwenda Nigeria ya mafuta, wakiwamo walimu wengi.

Nigeria nayo ilikuwa imesaini, mwaka 1979, itifaki ya ECOWAS ya watu kutembea na kuishi huru katika nchi wanachama. Bei ya mafuta ilipoanguka, serikali ya Shehu Shagari ikawageukia wageni. Januari 1983 ilitangaza kwamba wasio na vibali waondoke, na zaidi ya Waghana milioni moja wakabeba mizigo yao kwenye ile mifuko mikubwa ya plastiki yenye miraba, ambayo hadi leo Wanaijeria wanaiita Ghana Must Go. Bei ya mafuta haikupanda kwa sababu Waghana wameondoka. Mwisho wa mwaka huohuo Shagari mwenyewe aliondolewa na wanajeshi.

Marekani walifanya jaribio lao kwa utaratibu zaidi. Kuanzia 1942 walikuwa na mpango wa Bracero, ulioleta vibarua wa Mexico kwa mikataba ya msimu. Mwaka 1964 serikali iliufuta kwa nia njema kabisa: kupandisha mishahara ya vibarua Wamarekani mashambani. Michael Clemens na wenzake waliochambua takwimu za miaka ile katika utafiti uliochapishwa 2018 hawakuona mishahara ikipanda kwa sababu ya hatua hiyo. Wenye mashamba ya nyanya California walinunua mashine za kuvunia, na mazao yasiyo na mashine wakapunguza kuyalima. Natahadhari hapa, maana California ya mwaka 1964 si Kilosa ya leo na trekta letu halinunuliki kirahisi hivyo. Ila anayedai kwamba kumwondoa kibarua mgeni kutampandishia mshahara kibarua mwenyeji ana deni la ushahidi, na sijaona akililipa.

Wakenya wasisome makala hii wakicheka. Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi alisimama hadharani akatishia kuwatoa kwa nguvu wafanyabiashara wa kigeni sokoni, Watanzania wakiwamo. Alikamatwa, na serikali yake ikamkana, lakini alishangiliwa kwanza. Kenya hiyohiyo inaishi kwa jasho la watu wake walio nje. Mwaka 2024 walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazotoa sehemu kubwa ya fedha hizo. Septemba mwaka huo Rais William Ruto alikwenda Berlin kushuhudia makubaliano ya kupeleka wafanyakazi Ujerumani. Msichana wa Kakamega amekuwa akipelekwa Riyadh chini ya mfumo wa kafala, ambako mwajiri ndiye aliyekuwa akiamua kama anaweza kuhama kazi, na simulizi za waliorudi wanazijua hata watoto. Wanasiasa wetu wa pande zote za mpaka wanavuka bahari kuwatafutia watu wao kazi, ila ya kuvuka Mto Kagera ndiyo wanayoiona hatari kwa taifa.

Simwambii mtu afungue kila kitu kesho. Sudan Kusini, Kongo na Somalia zimeingia Jumuiya zikiwa na vita au mabaki ya vita, na anayedai usalama uzingatiwe hana kosa. Wapo pia watakaopoteza. Msusi wa Mwanza atapunguza bei dada wa Masaka akifungua kibanda jirani, hata kama wateja wote wa mtaa watanufaika, na hana mwanasheria wa kumsemea. Ndiyo maana mambo yangeanza na yale ambayo hasara yake ni ndogo. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu raia wao kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, nasi tungeweza kujiunga. Vibali viwili vya mwalimu wetu vingekuwa kimoja, kwa ada ya Afrika Mashariki. Kibarua wa msimu angepewa karatasi ya miezi kadhaa mpakani, kama mfanyabiashara mdogo anavyovusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti rahisi cha uasilia bila kuhangaika na wakala wa forodha. Kama cheti kimeweza kuandikiwa gunia la vitunguu, kinaweza kuandikiwa na anayevilima.

Hata kabla ya hayo, lipo dogo lisilohitaji mkutano wa wakuu wa nchi wala kusubiri Bunge la Jumuiya lililoko Arusha. Amri ya Julai 2025 ilitolewa na waziri kwa tangazo la gazeti la serikali, na tangazo jingine linaweza kuongeza kifungu kimoja: kwamba kwa madhumuni ya amri hii, raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya aliyesajiliwa na kulipa kodi hatahesabiwa kuwa asiye raia. Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo angebaki na kinga yake dhidi ya aliyemlalamikia tangu mwanzo, na kinyozi wa Machakos angekwenda TRA kuomba namba ya mlipakodi badala ya kushusha pazia la saluni kila anapoona gari la Uhamiaji.